Mwaka Niliosoma Templeti kwa Kalamu Mbili

Nilikwenda Binza kumzika Masunga, nikala pilau ya msiba kama watu wengine, nikarudi nyumbani na kichefuchefu ambacho hakikutokana na pilau. Kilitokana na Meneja, bosi wetu wa zamani. Amezeeka sasa, shingo imemezwa na mabega, lakini kipaza sauti bado anakikamata kama mali ya baba yake. Alisimama chini ya turubai mbele ya jeneza akasema, "Mimi na marehemu ndio tuliomletea kompyuta mkulima wa pamba wa huku kwetu," na watu wakaitikia kwa heshima, na mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba huyu mzee kweli ana historia. Historia! Khaa! Nilitamani kunyanyuka nimtemee mate palepale, mbele ya mchungaji na kwaya yake. Sikunyanyuka. Nilitazama viatu vyangu, kwa sababu kama ni kutemewa mate, mimi ningetangulia kwenye foleni. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa na ya kwake. Mimi nimekaa na yangu zaidi ya miaka ishirini, na kila niliposikia watu wakimwita Masunga "yule fundi aliyefukuzwa kwa uzembe," yalinuka upya. Sasa amekufa, na sina tena wa kumwonea aibu, kwa hiyo nitausema mwaka ule kama ulivyokuwa.

Siku hizo Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga, na pamba ilikuwa imeachiwa soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala chali, na ghala lake pale mjini lilikodishwa kwa kampuni ya mtu binafsi iliyonunua pamba na kugawa mbegu na dawa. Hapo ndipo nilipopata kazi, nikiwa nimetoka kumaliza kozi ya kompyuta ya miezi sita, najiona nimefika. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma, na ukuta uliotutenga na stoo ya dawa haukufika juu kwenye bati. Harufu ya dawa ilipita pale juu ikaja kukaa kwenye nywele zetu, kwenye mkate, kwenye chai. Na kama harufu haikutosha, kulikuwa na Meneja. Kila saa saba aliletewa nyama ya mbuzi imefungwa kwenye gazeti, akaifungua juu ya meza ya kompyuta, akaila palepale, akilamba vidole kimoja kimoja, halafu kwa kidole hichohicho akagusa kioo: "Hapa pamekaaje, binti?" Jioni nilifuta mafuta kwenye herufi kwa kitambaa, na kitambaa kile nilikifua mwenyewe. Laiti angekuwa mkali, ningemchukia kwa urahisi. Lakini alikuwa mtu wa kucheka, wa kuuliza mama hajambo, wa kukukatia kipande cha nyama kwa mkono wake mchafu, na mimi nilikuwa nakipokea.

Kazi yenyewe niieleze, maana wengi wakisikia kompyuta wanadhani ni mazingaombwe. Kampuni ilikuwa na kurasa zake za mtandao. Dar walizifungua kwa laini ya simu siku ilipokubali, na sisi kurasa hizohizo tulizichapa zikawa vikaratasi vya kuwapa wakulima. Ukurasa hauandikwi upya kwa kila mkulima. Unaandikwa mara moja, na pale panapotakiwa kuja kitu kinachobadilika unaweka mabano, ndani yake jina la hicho kitu: mkulima, kijiji, dawa, kipimo. Hiyo ndiyo templeti. Programu inaleta vitu vyenyewe, mabano yanajazwa, karatasi inatoka. Ubaya wa templeti zetu ni kwamba zilikuwa na adabu za kijinga. Jina likikosa wa kulijaza hazikupiga kelele. Ziliacha pale patupu, zikaendelea na safari, na karatasi ikatoka safi kabisa, kama vile hapo hapakuwahi kupangwa kitu.

Aliyezitengeneza ni Masunga, fundi wetu, mtu mwembamba wa Binza aliyezungumza huku anatafuna njiti ya kiberiti. Umeme wa Bariadi ulikuwa wa kuvizia, na jenereta iliwashwa Meneja akipenda. Kwa hiyo Masunga alichapa templeti zote na programu zote kwenye zile karatasi ndefu za printa zenye matundu pembeni, akazitandika sakafuni kama mkeka, akanifundisha kuzisoma bila kuwasha chochote. Kalamu nyekundu: zungushia kila jina pale linapotumika. Kalamu ya bluu: zungushia kila mahali programu inapolijaza. Halafu andika kwenye daftari: jina gani, ukurasa gani, chini ya "kama" ipi, nani analijaza. Jina lililopata nyekundu likakosa bluu tuliliita yatima. Siku za kwanza magoti yaliniuma na niliona ni ujinga mtupu.

"Kaka Masunga, si tusubiri umeme tu, tuchape moja tuone?"

"Ukichapa moja umeona njia moja," alisema. "Humu kuna 'kama' kumi na tano. Kama ni mbegu, pita huku. Kama ni dawa, pita kule. Kama ni dawa mpya, pita kule kwingine. Wewe utajaribu ya mbegu itoke vizuri, ukapige makofi, kumbe ile ya dawa mpya hujaipitia. Atakayeipitia kwanza ni mkulima, nayo iko mkononi mwake. Isome ikiwa imelala, Kabula. Ikiamka umechelewa."

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Milembe, mjane mwenye ulimi mrefu na mkono mwepesi wa kupakua. Asubuhi ilikuwa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, mchana ugali na mlenda, na siku za neema maziwa mgando kutoka kwao Migato. Tulikula uani, na uani ndipo habari zote za Migato zilipopakuliwa. Jilala, jirani wa mama yake huko kijijini, alikuja mnadani mara kwa mara akala nasi, kofia yake kaiweka gotini. Siku moja alisema josho la kwao limekauka tangu ushirika ulipokufa, halina dawa, halina maji, vyura tu. "Sasa kupe tunawamaliza kwa dawa ya pamba," alisema. "Kizibo kimoja cha soda kwenye ndoo, unampaka na kitambaa. Kupe chali!"

"Na ng'ombe je?" aliuliza Mama Milembe.

"Ng'ombe anakung'uta masikio, basi."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka mpaka mlenda ukanipalia, na Mama Milembe akanipiga mgongoni. Kwa hiyo mtu asije akasema sikujua. Nilijua dawa yetu inaishia wapi, hilo nililijua tangu nikiwa na tonge mkononi.

Dawa mpya ililetwa karibu na msimu. Ilikuja kwa mapipa, na akina mama vibarua waliimimina kwenye chupa za maji ya kunywa bila glavu, bila lebo, wakijipangusa jasho kwa mikono hiyohiyo. Mpaka leo siwezi kunywa maji ya chupa bila kuyanusa. Zamani za ushirika bwana shamba alikuja na gari, akasimama juu yake, akapaza sauti kwa Kisukuma mpaka watoto wakakariri: hii kali, hii msiguse, hii msiogeshee mifugo. Soko huria lilipofika bwana shamba akaonekana ni gharama, na nafasi yake ikachukuliwa na kikaratasi chetu. Masunga alilijua hilo. Kwenye templeti, chini ya "kama ni dawa mpya," aliweka jina moja, onyo, na maneno yake yalitakiwa kuletwa na Meneja, ambaye ndiye aliyekuwa na maelezo ya watengenezaji kwenye droo. Meneja aliahidi kuyaleta. Kisha Masunga akatumwa Mwandoya kutengeneza mashine za tawi, akakaa huko, na mimi nikabaki na kalamu zangu mbili.

Nililikuta jina hilo adhuhuri, umeme hakuna, niko sakafuni. Nyekundu kwenye onyo. Nikatafuta bluu. Nikapita programu ya kwanza, ya pili, zote, nikarudia kwa kidole mstari hadi mstari. Hakuna. Na kwa kuwa lilikuwa chini ya "kama" yake peke yake, majaribio yetu yote ya dawa ya zamani yalikuwa yametoka safi. Nilinyanyuka na daftari nikamfuata Meneja. Alikuwa anakula mbavu za mbuzi wake.

"Bosi, onyo la dawa mpya ni yatima. Halina anayelijaza."

"Linaonekana kwenye karatasi?"

"Halionekani. Ndiyo shida yenyewe."

"Sasa kama halionekani nani atalilalamikia?" Akanyonya mfupa, akauweka kwenye ukurasa wa michezo. "Malori yanaondoka kesho, binti. Masunga akirudi atalishona. Chapa."

"Watu wanaogeshea ng'ombe, Bosi."

"Sisi tunagawa dawa ya pamba. Ng'ombe ni wao." Halafu akaniwekea ule mkono begani, wenye mafuta, akasema, "Wewe binti mwelewa. Usianze kuwa kama Masunga."

Yaani nikikumbuka! Nilikuwa na uwezo wa kuandika maneno mawili tu, "usiogeshee mifugo," mahali pamoja, na karatasi zote zingeyabeba. Masunga alishanifundisha. Jenereta ikawashwa, programu ikawa wazi mbele yangu, mkono wangu upo juu ya herufi. Lakini nilikuwa kwenye miezi ya matazamio, na alikuwa ameniita mwelewa. Ukweli mchafu zaidi ni kwamba nilifurahi. Nilichapa mchana kutwa, printa ya sindano ikilia mpaka meno yakaniuma, na alama ya mafuta ikiwa bado begani kwenye blauzi yangu ya kazini. Jioni nikala kwa hamu.

Habari zililetwa na mwanamke wa Migato, tukiwa tumekaa kula uani. Ng'ombe saba wa Jilala walikuwa wamekufa kwa siku moja, wakitoa povu. Mama Milembe akasema pole zake, akauliza ni ugonjwa gani. Yule mwanamke akachezea upindo wa kitenge. "Wanasema ni mama yako," alisema mwishowe. Mayu Minza, mama yake Mama Milembe, alikuwa amepita zizini kwa Jilala siku moja kabla, kuomba maziwa, akanyimwa. Alikuwa bikizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni wa maisha yake yote, na kwetu macho yale yalishawaponza wengi, wakaitwa wachawi. Mganga alikwishaulizwa. Sungusungu wameitisha kikao, kesho kutwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kikao kama kile huweza kuishia wapi. Mama Milembe alitia mkono kwenye ugali akawa anaukanda tu, anaukanda, hali. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Nililimeza.

Kwa bahati, Masunga alirudi kesho yake. Nilimweleza pale mlangoni, haraka haraka: ng'ombe wa Jilala wamekufa, Mayu Minza kaitiwa kikao, onyo lilikuwa yatima, Meneja kaambiwa, karatasi zilitoka. Zilitoka! Nilisema kama vile zilijitembeza zenyewe. Alichukua templeti yenye duara jekundu, akachukua daftari, na asubuhi iliyofuata akasema, "Panda pikipiki." Meneja alisimama kizingitini na kijiti cha meno. "Masunga, ukienda kuichafua kampuni huko, usirudi hapa." Masunga alipiga kiki pikipiki. Hakurudi tena pale, na kiti chake nilikuja kukikalia mimi, miaka saba.

Migato walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa wazi, wanaume mbele na virungu na pinde zao, wanawake kwa mbali. Mayu Minza alikaa chini katikati, miguu ameinyoosha, hamtazami mtu. Mama Milembe alikuwa ametangulia tangu alfajiri, naye wamemzuia nyuma kabisa. "Mwadila!" Masunga aliwasalimu, wakaitikia kivivu. Alizungumza Kisukuma taratibu. Akawafunulia templeti, akawaonyesha duara jekundu, akaeleza kwamba hapa palitakiwa kuja neno la kuwaonya, na neno halikuja kwa kuwa hapakuwa na aliyepangwa kulileta. Mtemi wa sungusungu, mzee wa makamo mwenye filimbi shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unatuonyesha shimo," alisema, "unatuambia hapa angekaa mtu. Kitu kisichokuwepo kitauaje ng'ombe saba?"

Watu wakacheka. Na kwa kweli ndivyo ilivyo, yatima haonekani kwenye karatasi iliyokwisha kutoka. Masunga akamgeukia mwenye ng'ombe. "Jilala," alisema, "karatasi yako unayo?" Jilala akaitoa ndani ya kofia. Masunga akaipokea, akaitazama kidogo, akaikunja upande wa chini, akaanza kusoma kwa sauti: jina la Jilala, Migato, dawa mpya, kipimo cha shamba la pamba. "Imeishia hapo. Hii dawa ni kali kuliko ile ya zamani, Jilala, na karatasi haikukuambia. Uliogeshea ng'ombe?"

Jilala alitazama chini. "Kama miaka yote."

"Kizibo kimoja?"

"Viwili. Kupe walikuwa wengi."

Uwanja ulinong'ona. Mtu mmoja alisema mbuzi wake naye kafa. Mwingine akasema wake bado hajawaogesha, akanyanyuka akaondoka mbio kwake. Mtemi alimtazama Mayu Minza, akamtazama Masunga. "Basi mtu atajwe," alisema. "Ng'ombe saba hawafi kwa ajili ya shimo. Huyu mama akiinuka hapo, nani anakaa? Nani kafanya?"

Nilifungua mdomo. Nilifungua kabisa, hewa ikaingia. Nilimwona Mama Milembe kule nyuma kajishika kichwa, nikaona virungu, nikaona kazi yangu na chumba changu, na ulimi ukakaa ulipo.

"Mimi," alisema Masunga. "Templeti ni ya mkono wangu."

Walimtoza pikipiki. Jilala aliisukuma mwenyewe hadi nyumbani kwake, hajui hata kuiendesha. Mtemi alitema mate mbele ya miguu ya Masunga, na Masunga akayatazama, hakuyaruka. Mayu Minza aliinuka bila kusaidiwa, akajikung'uta vumbi, akatupitia. "Wabeja," alimshukuru Masunga. Kisha akanishika mkono mimi, mkono mkavu kama ganda la karanga. "Wabeja, ng'wanike," akaniita, yaani binti.

Tulitembea kutafuta barabara ya malori, Masunga mbele na mimi nyuma, pamba changa pande zote. Ndipo akauliza, bila kugeuka, "Zile karatasi nani alizichapa?"

"Meneja mwenyewe," nikasema.

"Sawa."

Tukaendelea. Hazikupita hatua hamsini nikainama kando ya shamba nikatapika. Alinisubiri. Akainusa kwanza chupa yake ya maji, akanipa. Nilipomaliza kusukutua alitoa mfukoni kile kikaratasi cha Jilala, ambacho hakuwa amekirudisha, akakikunjua ule upande wa chini aliokuwa ameukunja pale uwanjani. Kila karatasi tuliyoichapa iliandika yenyewe, kwa herufi ndogo, jina la aliyekaa kwenye mashine. Imechapwa na: Kabula.

"Nililiona kabla sijaanza kusoma," alisema. "Nikalikunja." Akakiweka kwenye kiganja changu, akatangulia.

Lori lilitufikisha Bariadi. Kesho yake Mama Milembe alirudi na mama yake, salama, akaniita uani. Alikuwa amechinja jogoo. Aliniita mwanangu, akasema Mungu amlaani aliyechapa yale makaratasi, kisha akachovya mwiko kwenye sufuria akatafuta firigisi, ambayo kwetu huliwa na baba wa nyumba au mgeni wa heshima, akaniwekea kwenye sahani mbele ya mama yake. Kikaratasi kilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu. Nikanawa mikono, nikala.